Msimu umefungwa, kodi inaendelea: barua ya wazi kwa viongozi wa Kaunti ya Kilifi

Malindi, Juni 2020

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi,
Waheshimiwa wawakilishi wa wadi,
Mheshimiwa Seneta na Mheshimiwa Mbunge wetu,
Naibu Kamishna wa Kaunti, Malindi,

Tunawasalimu kwa heshima. Mikutano ya hadhara imekatazwa na hatutaki kuvunja amri hiyo, kwa hivyo tunawafikia kwa maandishi, mbele ya macho ya kila mtu.

Sisi ni wapangaji wa Maweni, Kisumu Ndogo, Barani na Muyeye. Tunaomba jambo moja: utaratibu wa maandishi, unaotambuliwa na ofisi zenu, wa kupunguza na kuahirisha kodi ya nyumba kwa mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya korona, mpaka wageni watakaporudi. Kodi tunadaiwa, na tunakusudia kuilipa. Tunaomba muda, tunaomba kiwango kinacholipika, na tunaomba ulinzi ili muda huo usikatizwe na kufuli mlangoni.

Malindi iliumia kabla ya Kenya kuumia. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, lakini Italia nzima ilikuwa imefungwa tangu tarehe 9. Nyinyi mnaujua mji huu. Tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipokuja na kituo chao cha setilaiti cha San Marco kule Ngomeni, hadi hivi leo ambapo muuza matunda wa sokoni anahesabu bei kwa Kitaliano bila kusitasita, riziki ya watu wengi hapa imefungamana na nchi ile. Milano ikifunga milango, Maweni inalala njaa. Halafu yakafuata ya kwetu: tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, na tarehe 8 Aprili Kilifi ikafungwa pamoja na Mombasa na Kwale. Kabla mwezi haujaisha tangu Italia ijifungie, hapakuwa na mgeni wa nje wala wa ndani.

Asiyeishi hapa huenda akauliza: kwani hoteli za Malindi hazifungwi kila mwaka wakati wa masika? Hufungwa. Na hapo ndipo tunapotaka mtusikilize kwa makini, maana ndipo shida yetu inapotofautiana na ya Nairobi.

Mfanyakazi wa hoteli Malindi hahesabu mwaka kuanzia Januari. Anahesabu kwa kaskazi na kusi. Kuanzia Desemba hadi Pasaka ndiyo kuna mshahara kamili, kuna bakshishi, kuna zamu za ziada, kuna mgeni anayeondoka na kukuachia viatu na neno zuri kwa meneja. Kusi ikianza kuvuma na mvua za Aprili zikishuka, bahari inachafuka, mwani unajaa ufuoni, na hoteli nyingi zinafunga zikarabatiwe hadi Julai, kisha Agosti Waitaliano wanakuja kwa likizo yao. Kila mtu analijua hilo. Kwa hivyo Machi ndio mwezi wa kujiandaa: unalipa kodi ya miezi miwili mitatu mbele, unafuta deni la duka, unapeleka gunia la mahindi kwa mama Ganze au Magarini, unaweka karo ya muhula wa pili. Masika yanapokuja yanakukuta umejipanga.

Mwaka huu msimu ulikatwa shingo Machi. Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili, na wiki zile za mwisho ambazo ndizo hulipia masika hazikuwepo. Tuliingia miezi isiyo na kazi mikono mitupu, na hakuna anayeweza kutuambia kama Agosti kutakuwa na ndege. Tarehe 6 Juni Rais alifungua Kilifi na Kwale, na tulishukuru. Lakini Nairobi na Mombasa bado zimefungwa, na wageni wa ndani hutoka huko. Ukitoka Malindi leo kuelekea kusini, barabara yako inaishia daraja la Mtwapa.

Mimi ninayeandika kwa niaba ya wenzangu nilikuwa dobi katika hoteli moja upande wa Casuarina. Tuliitwa, tukaambiwa ni likizo bila malipo, tukatia saini. Barua niliyopewa haina tarehe ya kurudi kazini. Mimi angalau nina barua. Vibarua wa msimu, ambao ndio wengi jikoni na bustanini, waliambiwa tu wasije kesho. Na nyuma yao kuna watu ambao hakuna hoteli inayowahesabu kuwa ni wafanyakazi wake, ingawa wote wanakula kwa mgeni yule yule: nahodha wa mashua ya kioo anayepeleka watu kwenye hifadhi ya bahari, mchonga vinyago, msusi wa ufukweni, dereva wa tuktuk, mvuvi aliyekuwa akiuza kambakoche kwa mpishi mkuu na sasa hana mnunuzi, mama anayekaanga viazi karai nje ya lango la wafanyakazi. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu hilo ndilo daftari la mishahara la mji mzima.

Hatusemi serikali imekaa kimya. Wanaopata mshahara wa hadi shilingi 24,000 waliondolewa kodi ya mapato. Kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 18 Machi Benki Kuu ilitangaza kwamba mwenye mkopo aliyeathirika na janga hili anaweza kwenda benki yake na kuomba mkopo upangwe upya. Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua vya usafi mitaani, ilianza mwisho wa Aprili na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Tarehe 23 Mei Rais alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi, na ndani yake mna bilioni 2 za mikopo nafuu kwa hoteli ili zikarabati majengo na kupanga upya biashara zao.

Sasa fuateni fedha hizo kwa utaratibu, Waheshimiwa, muone zinaishia wapi. Mwenye hoteli ana mlango wa kubisha. Mwenye mkopo wa benki ana mlango wa kubisha. Aliyebaki kazini anakatwa kodi kidogo zaidi au hakatwi kabisa. Lakini msamaha wa kodi ya mapato haumfai mtu asiye na mapato. Yule dobi, yule kibarua, yule mama wa viazi karai, gharama yake kubwa ya kila mwezi ni kodi ya chumba, na kwa gharama hiyo hakuna ofisi hata moja iliyoambiwa imsikilize. Ameachwa amalizane na mwenye nyumba wake, wao wawili peke yao, usiku, koridoni, kila mmoja akiwa na njaa yake.

Tunataka kuwazungumzia wenye nyumba, kwa sababu katika mjadala huu wamechorwa kama maadui, na kwa mitaa yetu hiyo si haki. Wengi wetu tunakaa katika nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye choo na bomba tunalotumia sote. Mwenye nyumba mara nyingi ni bi mkubwa anayelala chumba cha mbele. Vyumba vile ndiyo pensheni yake. Ndivyo vinavyomnunulia dawa ya presha na kumsomeshea wajukuu. Wapangaji wake wote walikuwa hotelini au kwenye tuktuk, kwa hivyo siku tulipokosa mshahara sisi, alikosa yeye pia, kwa pamoja, chumba baada ya chumba. Na juu yake kuna mwingine. Mitaa mingi ya Pwani yetu ina nyumba bila ardhi: kuta ni zake, kiwanja ni cha mtu mwingine, na mwenye kiwanja naye anataka kodi yake ya ardhi. Juu ya mwenye kiwanja iko kaunti, na kodi ya kiwanja pamoja na adhabu za kuchelewa.

Kwa hivyo ukimwambia bi mkubwa awaonee huruma wapangaji bila kumgusa anayemdai yeye, umemtwika mzigo wa janga zima mtu asiyeweza kuubeba. Wapo waliotusamehe mwezi mmoja kwa hiari yao, na Mungu awalipe. Kule Nyandarua nako yuko aliyewasamehe wapangaji wake akasifiwa nchi nzima. Lakini watu wa mitaa minne hawawezi kuishi kwa kutegemea ni nani amejaliwa mwenye nyumba mwema. Ndiyo maana tunataka utaratibu.

Mahali ambapo utaratibu haupo, tumeyaona yanayotokea. Mtu anarudi kutoka kutafuta kibarua anakuta kufuli juu ya kufuli yake. Stima ya chumba kimoja inakatwa huku vingine vikiwaka. Mlango unang'olewa bawaba, mabati yanafunuliwa wakati wa mvua. Ifahamike wazi kwamba hayo si haki ya mwenye nyumba hata kidogo, awe anadai mwezi mmoja au sita. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, hairuhusu mpangaji anayelindwa nayo kutolewa bila amri ya mahakama yake maalumu, na vitu vya mpangaji havikamatwi kwa kodi ila na dalali mwenye leseni. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inalinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijasogezwa kwa miaka mingi. Chumba changu mimi ni 3,000. Chumba kimoja, choo cha pamoja, na tayari niko nje ya ukuta wa sheria hiyo. Aliye kama mimi anaambiwa aende mahakama za kawaida, nazo tangu katikati ya Machi zimepunguza shughuli kwa sababu ya janga hili hili. Atalala wapi akingoja?

Kuhusu afya tutasema kwa ufupi, maana mmekwisha kulisema wenyewe kila jioni redioni: kaeni nyumbani, nawaeni mikono, epukeni msongamano. Familia inayofungiwa nje saa tatu kasoro usiku inavunja kafyu bila kupenda, kisha inakwenda kubanana katika chumba cha shemeji ambacho tayari kina watu sita. Katiba, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi. Nchi nyingine zimekumbuka hilo kwa vitendo. Afrika Kusini ilisimamisha kuwatoa watu majumbani ilipofunga nchi mwisho wa Machi, na Uingereza ilirefusha notisi ya kumtoa mpangaji hadi miezi mitatu. Hapa kwetu, kamati maalumu ya Seneti kuhusu korona inayoongozwa na Seneta Johnson Sakaja ilileta mswada unaogusa jambo hili: mpangaji aliyekwama amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, kisha wawili hao wakubaliane namna ya kulipa. Mheshimiwa Seneta wetu, tunakuomba uusimamie mswada huo kama wa kwako. Sheria za kodi ya nyumba ni za Bunge la taifa, tunalielewa hilo. Lakini mswada unakwenda kwa mwendo wake, na kodi ya Julai inadaiwa tarehe 5.

Hata kabla sheria haijapita, yapo mnayoweza kuyafanya kwa mamlaka mliyonayo leo.

Naibu Kamishna, chini yako wapo machifu na manaibu wao. Tunaomba uwape maagizo ya maandishi kwamba mtu yeyote anayemfungia mpangaji nje, anayeng'oa mlango, anayefunua paa au kukata maji na stima ili kumlazimisha ahame bila amri ya mahakama, azuiwe siku hiyo hiyo na polisi wa kituo cha karibu. Mara nyingi tukienda kuripoti tunaambiwa hayo ni ya nyumbani, mkasikizane. Agizo moja lililobandikwa kwenye ofisi ya chifu litabadilisha jibu hilo.

Mheshimiwa Gavana, una wasimamizi wa wadi. Waruhusu wakae na chifu, mzee wa mtaa, mwakilishi mmoja wa wapangaji na mmoja wa wenye nyumba, wapokee makubaliano na kuyapiga muhuri. Tunavyoyaona sisi, makubaliano yenyewe yatoshe ukurasa mmoja: mpangaji aonyeshe kwamba kazi imesimama, kwa barua ya likizo bila malipo au, kwa yule ambaye hakuwahi kuandikiwa chochote, kwa ushahidi wa mzee wa mtaa na majirani wawili. Kwa miezi ambayo hana kazi alipe nusu ya kodi kama anaweza, au chochote atakachokubaliana na mwenye nyumba. Depoziti aliyoiweka alipoingia ihesabiwe sasa kama kodi ya mwezi mmoja, airudishe baadaye. Kilichobaki kisiwe na faida juu yake, na kianze kulipwa kidogo kidogo kuanzia Januari, mshahara wa kwanza wa msimu ukishaingia, kwa muda wa mwaka mmoja. Muda wote huo hakuna kutolewa. Anayehama kwa siri na kuacha deni, mwenye nyumba awe na karatasi ile mkononi ya kumdai popote atakapokuwa. Tunalisema hili la mwisho sisi wenyewe kwa sababu tunajua wapo watakaofanya hivyo, na mwenye nyumba anahitaji kinga yake pia.

Kisha, ili bi mkubwa asibaki na hasara peke yake, tunawageukia wawakilishi wa wadi. Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Katika Sheria ya Fedha ya Kaunti wekeni kipengele kinachosamehe adhabu za kuchelewesha kodi ya kiwanja kwa kila mwenye ardhi ambaye nyumba zilizo juu ya kiwanja chake zina makubaliano yaliyopigwa muhuri, kwa sharti kwamba naye awape nafuu hiyo hiyo wenye nyumba wanaomlipa kodi ya ardhi. Nafuu ishuke kutoka kaunti kwenda kwa mwenye ardhi, kutoka kwake kwenda kwa mwenye nyumba, kutoka hapo ije chumbani kwetu. Kaunti haitapoteza pesa nyingi kwa adhabu ambazo kwa hali hii hakuna mtu wa kuzilipa. Tunaomba pia mzungumze na kampuni ya maji ili bomba la uani lisifungwe kwa deni la miezi hii, maana likifungwa tunakosa maji wote, aliyelipa na asiyelipa.

Mheshimiwa Mbunge, zile bilioni 2 za mikopo ya hoteli zitajadiliwa na kugawanywa Nairobi. Uliza huko, kwa niaba yetu, ni kiasi gani kitafika Malindi na Watamu, na uweke sharti: hoteli itakayochukua mkopo huo ianze kwa kuwalipa wafanyakazi wake malimbikizo wanayodai na sehemu ya mshahara wakati imefungwa, ndipo ipake rangi kuta. Hoteli ikifunguliwa Desemba ikiwa na bwawa jipya, na wapishi wake wote wamehamia mashambani kwa kukosa kodi, nani atampikia mgeni? Ujuzi wa mji huu uko katika vyumba tunavyokaribia kutolewa. Mtu aliyejifunza kupika tambi hadi Mtaliano akaomba kuongezwa, aliyejifunza lugha tatu kwa masikio tu, aliyejua kila mwamba wa hifadhi ya bahari, huyo akishafungasha virago kurudi Marafa au Siaya si rahisi kumpata tena.

Tumeshaandika mfano wa ukurasa huo wa makubaliano, na baadhi ya wenye nyumba wa Maweni na Barani wameusoma na kusema wako tayari kuutia saini iwapo utakuwa na muhuri wa serikali. Kifungu cha 37 cha Katiba kinaturuhusu kuleta ombi mbele yenu, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaturuhusu kulifikisha kwenye Bunge la Kaunti. Ombi hilo tutaliwasilisha rasmi, likiwa na majina na saini, kwa Karani wa Bunge la Kaunti na nakala kwa ofisi ya Naibu Kamishna hapa Malindi.

Tunaomba kikao kabla ya tarehe 5 Julai. Tutakuja kwa idadi mtakayoruhusu, tukiwa na barakoa, wapangaji na wenye nyumba pamoja, mahali na saa mtakayotaja nyinyi.

Wenu kwa heshima,
Mpangaji wa Maweni, kwa niaba ya wapangaji wa Maweni, Kisumu Ndogo, Barani na Muyeye